Sensa ya waidibendi kwenye pikipiki: inapima nini hasa, na uchague ipi

Pikipiki ilikuwa ya silinda moja, ya kabureta, injini ya kupozwa kwa upepo. Mwenyewe alikuwa amebadilisha ekzosi na chujio la hewa, ikaanza kusitasita kila akivuta resi, ndipo akafungiwa geji ya waidibendi, inayoonyesha uwiano wa hewa kwa petroli, ili tatizo lionekane kwa namba. Kwenye nusu resi geji ikasoma 17. Fundi akasema mafuta hayatoshi, akaweka jeti kubwa zaidi, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Ikasoma 16.5. Akaongeza jeti nyingine. Nilipofika, plagi ilikuwa imefunguliwa na kulazwa juu ya kitambaa: nyeusi tii, masizi makavu yanayotoka ukiyafuta kwa kidole, nayo inanuka petroli. Plagi inasema mafuta yamezidi, geji inasema mafuta ni haba, na zote mbili zimetoka kwenye injini ileile, siku ileile.

"Sasa kaka, tuamini ipi hapa?" mwenye pikipiki akaniuliza.

Nitairudia pikipiki hiyo. Swali lake huulizwa na watu ambao wameshanunua sensa, na lilistahili kuulizwa kabla ya kununua. Mazungumzo mengi ya kuchagua waidibendi huishia kwenye chapa na sura ya geji: ipi ina taa nzuri, ipi ni ndogo, ipi anatumia fulani. Huko ni kuanzia mwisho. Ukishaelewa sensa inagusa kitu gani ndani ya bomba, uchaguzi wenyewe unakuwa mfupi.

Na kitu chenyewe ni hiki: sensa haioni petroli. Inaona oksijeni iliyobaki kwenye moshi, basi. Namba unayoisoma kwenye geji ni hesabu iliyopigwa kutokana na oksijeni hiyo.

Maneno ya kushika kwanza

Injini inaunguza petroli kwa oksijeni iliyomo hewani. Ili petroli yote iungue na oksijeni yote iishe, pasibaki hiki wala kile, kilo 1 ya petroli inahitaji kama kilo 14.7 za hewa. Hiyo ndiyo 14.7 maarufu, na inahesabiwa kwa uzito, si kwa ujazo. Kwa ujazo picha inashangaza zaidi: lita 1 ya petroli inataka takriban lita 9,000 za hewa. Ndiyo maana chujio jipya au ekzosi iliyo wazi zaidi, mambo yanayoonekana madogo, yanaweza kuvuruga mlingano mzima.

Mchanganyiko wenye petroli nyingi kuliko uwiano huo mafundi huuita mzito, wenye petroli chache huuita mwepesi. Namba ikishuka chini ya 14.7, mchanganyiko unakuwa mzito. Ikipanda, unakuwa mwepesi. Hapa ndipo wengi hujikwaa mara ya kwanza, kwa sababu mtu akiona namba kubwa hudhani mafuta ni mengi. Ni namba ya hewa, si ya mafuta.

Neno la pili ni lambda. Badala ya kusema "14.7", unasema "1", yaani hewa iliyopo imelingana na hewa inayohitajika. Lambda 0.9 maana yake hewa imepungua kwa asilimia 10, kwa hiyo mchanganyiko ni mzito. Lambda 1.1 maana yake hewa imezidi kwa asilimia 10.

Kama geji yako inakuruhusu kuchagua, iweke kwenye lambda. Sababu ni kwamba 14.7 ni ya petroli tupu. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inataka uwiano wa karibu 14.1, na ethanoli tupu inataka karibu 9. Sensa haijui umetia nini kwenye tanki. Inachopata ni lambda, kisha geji inaizidisha kwa 14.7 na kukuonyesha jibu. Ukiwa na petroli ya ethanoli, geji itaandika 14.7 wakati uwiano halisi ndani ya silinda ni 14.1, na injini haina kasoro yoyote. Watu wawili wanaweza kubishana mchana kutwa juu ya tofauti hiyo. Kwa lambda ubishi haupo: 1 ni 1 kwa kila fueli.

Narobendi na waidibendi

Sensa ya oksijeni ilianza kufungwa kiwandani mwaka 1976, ikitengenezwa na Bosch, kwenye magari ya Volvo yaliyopelekwa Marekani. Kazi yake ilikuwa moja: kuulinda uwiano wa lambda 1, kwa sababu kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi kinafanya kazi vizuri karibu na hapo tu. Sensa ya namna hiyo ndiyo narobendi, ya upeo finyu, na ndiyo iliyomo kwenye pikipiki nyingi za injeksheni, zinazopuliziwa mafuta kwa kompyuta badala ya kabureta, zinazotoka kiwandani.

Ndani yake mna kauri ya zirkonia. Upande mmoja unaguswa na moshi, upande wa pili na hewa safi. Kauri ikipata moto wa kutosha, zaidi ya nyuzi 300 hivi za Selsiasi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazaa umeme kidogo. Mchanganyiko ukiwa mzito inatoa karibu volti 0.9, ukiwa mwepesi karibu volti 0.1, na mpito kati ya hizo mbili ni wa ghafla, kama swichi, pale kwenye volti 0.45.

Fikiria mlinzi wa lango aliyefundishwa kusema maneno mawili: "wamezidi" na "wamepungua". Ukimuuliza wamezidi wangapi, hana jibu. Kati ya lambda 0.95 na 0.85 volti za narobendi zinatofautiana kidogo mno, na joto la sensa lenyewe linaweza kuzisogeza kuliko mafuta yanavyozisogeza. Na mwenye kutafuta nguvu ya injini anahitaji kuona vizuri eneo hilohilo. Ndiyo maana geji zilizoungwa na narobendi zinawaka taa za kupendeza bila kukusaidia kuchagua jeti.

Waidibendi ina kauri ileile, lakini imeongezewa pampu. Kati ya kauri mbili kuna chumba kidogo sana ambacho moshi unaingia kwa tundu jembamba. Kauri ya kwanza inakagua kama chumba kimesimama kwenye lambda 1. Kauri ya pili ni pampu: ikipitishiwa umeme upande huu inatoa oksijeni chumbani, ukigeuzwa upande ule inaingiza. Kidhibiti kazi yake ni kuipa pampu umeme wa kutosha chumba kisitoke kwenye lambda 1.

Chukua mtungi unaovuja. Unataka kujua unavuja kiasi gani lakini tundu hulioni. Unaweka alama ubavuni, kisha unamimina maji kwa kata ili usawa usishuke chini ya alama. Idadi ya kata ulizomimina kwa dakika ndiyo kiasi cha uvujaji. Kama badala ya kuvuja mtungi unaingiza maji, unachota na kuhesabu vivyo hivyo. Waidibendi inahesabu kata. Umeme wa pampu ndio kipimo, na kwa kuwa unakua hatua kwa hatua, tunapata namba badala ya "wamezidi, wamepungua".

Kutokana na hapo utaona kwa nini waidibendi ina nyaya tano kwenye sensa na mara nyingi pini sita kwenye soketi, na kwa nini haiwezi kuchomekwa mahali pa narobendi ya kiwandani ikafanya kazi. Bila kidhibiti cha kuendesha pampu na kulinda joto la kauri, waidibendi ni kipande cha chuma.

Oksijeni ikitoka pengine

Kama sensa inaona oksijeni tu, basi oksijeni yoyote itakayofika pale itahesabiwa, hata kama haikupita ndani ya silinda. Kwenye pikipiki njia za oksijeni ya namna hiyo ni nyingi kuliko kwenye gari, na karibu zote zinadanganya upande mmoja: zinaonyesha wepesi usiokuwepo.

Ya kwanza ni uvujaji wa ekzosi. Watu hudhani tundu kwenye ekzosi linatoa moshi tu. Moshi wa injini hutoka kwa vishindo, na baada ya kila kishindo msukumo ndani ya bomba unashuka hata chini ya ule wa hewa ya nje, hapo tundu linanyonya. Gasketi iliyoungua kidogo pale ekzosi inapoungana na silinda inatosha kupandisha namba.

Ya pili ni mfumo wa kupuliza hewa kwenye ekzosi. Pikipiki nyingi zina mpira mwembamba unaotoka kwenye chujio, ukapita kwenye vali ndogo, ukaingia kichwani mwa silinda karibu na tundu la moshi. Kiwandani umewekwa ili mabaki ya petroli yamalizie kuungua nje ya silinda. Kwa sensa, huo ni mfereji wa oksijeni. Lazima uzibwe wakati wa kupima. Kama kuna jambo moja la makala hii ningependa likae kichwani mwa kila anayefunga waidibendi kwenye pikipiki, ni kuutafuta mpira huo kabla ya kugusa jeti yoyote.

Ya tatu ni hewa inayorudi kinyumenyume kupitia mdomo wa ekzosi. Bomba fupi la silinda moja, injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, linavuta hewa ya nje hadi kwenye sensa. Namba za chini kabisa kwenye ekzosi fupi zisikupe homa. Panda mzunguko ndipo uanze kuziamini.

Ya nne ndiyo inayowaponza mafundi wazuri. Injini ikimisi, ule mchanganyiko ambao haukuwaka unatoka mzima: petroli yake na oksijeni yake. Sensa inaona oksijeni nyingi, inasema mwepesi. Sasa chukua injini inayomisi kwa sababu mafuta yamezidi hadi plagi imelowa. Geji itasema mafuta ni haba. Fundi ataongeza mafuta. Injini itamisi zaidi, na namba haitashuka inavyotarajiwa. Hapo pua na plagi vinajua zaidi kuliko geji.

Injini za tu-stroki (mapigo mawili) zina shida hiyohiyo kwa asili yake, kwa kuwa sehemu ya mchanganyiko mbichi hupita moja kwa moja kwenda kwenye ekzosi, na juu yake kuna oili inayoichafua kauri. Kwa hizo mimi nisingenunua waidibendi. Rangi ya plagi na kipimo cha joto la moshi vitakufaa zaidi.

Na ukiachia resi kwenye mteremko, geji ikaruka hadi mwisho wa mwepesi, hiyo si hitilafu. Kwenye pikipiki ya injeksheni, kompyuta ya injini imekata mafuta, hewa tupu inapita.

Sasa kuchagua

Swali la kwanza usiulize "geji ipi". Uliza kama sensa itakaa kwenye pikipiki siku zote au itaondoka kazi ikiisha. Kwa pikipiki nyingi za kabureta jibu zuri ni iondoke. Unachomelea nati kwenye bomba, unapima, unapata jeti sahihi, unaitoa sensa na kufunga bolti mahali pake. Kauri haipigwi na mawe wala maji ya barabarani, na seti moja inahudumia pikipiki kumi. Wapo wanaokwepa kuchomelea kwa kuingiza mrija mrefu mdomoni mwa sailensa ili uvute moshi hadi kwenye sensa. Unasaidia kwa makadirio, lakini kumbuka hewa inayorudi kinyumenyume: mrija usipoingia ndani sana, unapima hewa ya nje.

Sensa ikiondoka, kidhibiti chenye geji rahisi na njia ya kurekodi kinatosha. Njia ya kurekodi ni muhimu kuliko geji yenyewe. Anayeendesha pikipiki huku akikodolea macho namba kwenye usukani haoni barabara, na namba zenyewe zinabadilika haraka kuliko jicho. Rekodi pamoja na mzunguko wa injini na kiwango cha resi, kisha soma ukiwa umesimama.

Sensa ikikaa moja kwa moja, mahitaji yanageuka. Pikipiki ya injeksheni yenye tundu moja tu la sensa inahitaji kidhibiti kinachoweza kutoa pia ishara ya kuigiza narobendi, ili kompyuta ya kiwandani iendelee kusikia kile ilichozoea. Na ujue kwamba kompyuta hiyo, kwenye mwendo wa kawaida, itaendelea kuvuta kuelekea lambda 1 na kufuta marekebisho yako hadi uiambie isifanye hivyo. Watu hulaumu sensa kwa jambo hilo bure.

Kuna pia seti zinazorekebisha zenyewe. Dynojet, kwa mfano, inauza Auto Tune ya kuungwa na Power Commander, kompyuta yao ya kurekebisha mafuta: sensa inasoma, kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Ni kazi nzuri kwenye ekzosi isiyovuja. Lakini mfumo wa namna hiyo unamwamini msemaji mmoja tu. Ukiuachia tundu la gasketi, utamimina petroli usiku na mchana kufukuza wepesi usiokuwepo. Mimi huutumia kukusanya mapendekezo, nayakagua, ndipo nayaingiza.

Kuhusu sensa yenyewe, utakutana zaidi na Bosch LSU 4.2 na LSU 4.9. Ile 4.2 ni ya zamani na inategemea hewa safi ya nje kwa kulinganishia, kwa hiyo tope, oili na maji kwenye mwili wake vinaweza kuipotosha. Ile 4.9 inajitengenezea yenyewe oksijeni ya kulinganishia. Kwa chombo kinachopita kwenye tope na kuoshwa kwa maji ya kasi, tofauti hiyo si ndogo, chagua 4.9. Ila hazibadilishani: kidhibiti cha 4.2 hakiendeshi 4.9, maana joto la kauri linapimwa kwa ukinzani tofauti. NTK nao wanatengeneza waidibendi nzuri, na vidhibiti vyake ni vya kwake. Usiikate soketi ya sensa ili kurefusha waya, kwa sababu ndani ya soketi kuna kirezista kilichopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyohiyo. Nunua waya wa kurefushia.

Halafu umeme, ambao kwenye gari haufikiriwi kabisa. Kauri ya LSU inashikiliwa kwenye nyuzi zaidi ya 700, na anayeilipia ni betri ya pikipiki. Ikishapata moto inakula kama ampea 1, lakini wakati wa kupasha inaweza kuvuta mara mbili au tatu ya hapo. Kwa pikipiki kubwa si kitu. Kwa pikipiki ndogo yenye taa ya mbele ya wati 35, ni kama kuongeza theluthi ya taa hiyo isiyozimika. Pima volti za betri injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini. Zikishuka chini ya 12 na sensa imewaka, namba zitayumba na asubuhi betri haitakuwa na kitu. Hapo tumia betri ya pembeni kwa siku ya kupima. Umeme wa kidhibiti upite kwenye fyuzi yake na relei yake, usiuchukue kwenye waya wa taa.

Waya wa hasi, ethi, nao una siri yake. Vidhibiti vingi hutuma namba kwa volti 0 hadi 5, na mpangilio unaoonekana mara nyingi ni 0 kwa uwiano wa 10 na 5 kwa uwiano wa 20. Kila volti moja ni uwiano mbili. Ethi ya kidhibiti ikitofautiana na ethi ya kirekodi kwa volti 0.1 tu, umekosea kwa 0.2, na bolti ya fremu yenye rangi au kutu inatosha kukupa zaidi ya hapo. Funga ethi zote mahali pamoja. Kidhibiti kinachotuma namba kwa waya wa data hakina ugonjwa huo, na hiyo ni sababu nzuri ya kukilipia zaidi.

Mahali pa kuchomelea

LSU nyingi zina uzi wa M18x1.5. Narobendi za pikipiki mara nyingi ni ndogo, uzi wa M12, kwa hiyo tundu la kiwandani huenda lisifae.

Sensa ikae kabla ya kisafisha moshi, mbali na mdomo wa ekzosi, lakini isibanwe na silinda: moshi unaopita kwenye ncha ya LSU 4.9 haupaswi kuzidi nyuzi 930 kwa muda mrefu. Ilale kwa mwinamo, soketi ikiwa juu, angalau nyuzi 10 juu ya mlalo, ili maji yanayojikusanya kwenye bomba baridi yasituame ndani yake. Tone moja la maji likiigusa kauri yenye moto, kauri inapasuka. Nimewahi kuitikisa sensa sikioni nikasikia kipande kikicheza ndani, na ilikuwa na wiki moja tu, imechomekwa kichwachini chini ya injini kwa sababu hapo ndipo fundi alipofikia kwa urahisi.

Kwa sababu hiyohiyo usiache sensa ikipata moto dakika nyingi huku injini imezimwa, wala usiwashe injini huku sensa haina umeme. Isiyo na umeme inageuka kikusanya masizi. Iwake pamoja na injini, izime pamoja nayo. Gundi za silikoni zisizoandikwa kuwa salama kwa sensa, pamoja na petroli yenye risasi, zinaiua taratibu.

Injini ya silinda mbili zenye mabomba tofauti inataka nati mbili, hata kama unayo sensa moja ya kuhamisha. Na kwenye silinda nne zinazokutana, sensa inakupa wastani: mbili zikiwa 12 na mbili zikiwa 14, geji itaandika 13 na wewe utatabasamu huku silinda mbili zikipata joto kupita kiasi.

Namba ya kulenga

Hakuna imani iliyoharibu pistoni nyingi kama ile inayosema 14.7 ndiyo namba bora. Ni bora kwa kisafisha moshi. Nguvu ya juu ya petroli hupatikana mchanganyiko ukiwa mzito kidogo, lambda 0.86 hadi 0.90 hivi, yaani kati ya 12.6 na 13.2 kwenye geji, kwa sababu petroli ya ziada inahakikisha oksijeni yote imepata mwenza, na pia inapoza. Kwenye mwendo wa kawaida usio na mzigo unaweza kukaribia 1. Injini ya kupozwa kwa upepo nisingeiacha kwenye 1 muda mrefu, 0.92 hadi 0.95 inaipa nafuu. Hizo ni sehemu za kuanzia. Injini yenyewe ndiyo inayoamua, na waidibendi haisemi lolote kuhusu muda wa cheche. Injini inaweza kugonga ikiwa na lambda nzuri kabisa.

Kwa kabureta, bandika utepe kwenye mkono wa resi na mwingine pembeni yake, uweke alama za robo, nusu, robo tatu na mwisho. Shikilia kila alama kwa sekunde kadhaa barabara ikiwa tupu, kwa kuwa moshi unachukua muda kufika kwenye sensa na namba ya sasa ni ya mwako uliopita. Mwanzo wa resi unasimamiwa na jeti ndogo, katikati ni sindano, mwisho ni jeti kubwa.

Ndivyo tulivyofanya kwenye ile pikipiki, lakini si kabla ya kupiga magoti. Mpira wa hewa ulikuwa wazi, umefichwa nyuma ya tanki. Kwenye maungio ya ekzosi mpya kulikuwa na mstari wa masizi wenye upana wa ukucha, alama ya moshi unaotoka na hewa inayoingia. Tukaziba mpira, tukabadilisha gasketi, tukaweka plagi safi. Geji ikashuka yenyewe, bila jeti kuguswa, kutoka 16 na ushee hadi 11.9 kwenye nusu resi, na karibu 11 resi ikiwa yote. Mafuta yalikuwa mengi mno kweli, kama plagi ilivyosema.

Tukarudisha jeti moja nyuma: 13.5 katikati, 12.8 mwisho. Ilivuta bila kusita. Jeti hiyo ndiyo ile ya kwanza aliyokuwa ameiongeza fundi, kabla geji haijamwambia aendelee. Akaitoa sensa ingali ya uvuguvugu, akapaka bolti mafuta ya kuzuia kushikana, akaifunga mahali pake.